Herufi Kumi na Tisa

Gazetini walimwita Mama Vichwa, wala hawakumkejeli. Kila habari ikishaandikwa, ikasomwa na kukatwa mikia, ililetwa kwenye meza yake ya dirishani ili aipe kichwa. Kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na moja, na ilikuwa imemwingia mwilini. Ukimwonyesha nafasi kwenye ukurasa, kabla hujamaliza kueleza yeye keshajua zitaingia herufi ngapi, na vidole vya mkono wake wa kushoto vimeshaanza kucheza juu ya meza kama vya mpiga kinanda asiye na kinanda. Waandishi wapya walidhani ana wasiwasi, kumbe anahesabu.

Mpiga debe wake mkubwa alikuwa mumewe, fundi wa magari. Gazeti likifika gereji asubuhi, aliwasomea wenzake ukurasa wa mbele kwa sauti, kisha akawauliza kama wanajua kichwa kile katunga nani. Wenzake walikuwa wamechoka kuulizwa, lakini walimjibu kila siku, maana yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa kabati la spana. Mama mkwe naye, aliyekuwa akiishi mbali kwa binti yake, alikuwa na desturi ya kupiga simu kila Jumapili kuuliza wiki hiyo mkwewe ametunga nini. Hakusoma sana, ila alipenda kuambiwa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Saa kumi na robo alasiri, zimebaki dakika arobaini na kitu ukurasa wa mbele ufungwe, ikaingia taarifa ya polisi. Ilisema kwamba askari waliokuwa wakimfukuza mtu aliyepora duka la simu walimfuata hadi kwenye mabanda ya mafundi wa samani, na huko, katika majibizano ya risasi, aliuawa mwanamume mmoja anayedhaniwa kuwa jambazi. Jina halikutajwa. Picha ilikuwapo: shuka limefunika mtu, miguu imetokeza, na nyuma yake kochi lisilo na kitambaa, springi zote nje.

Kabla hajaisoma mara ya pili, simu ya mezani ikalia. Alikuwa mwandishi wao aliyekuwa kulekule mabandani, mtu mzima mwenye mvi, aliyepewa jina la Kiatu kwa sababu hakuwahi kuandika habari ambayo hakuifuata kwa miguu yake mwenyewe.

"Dada, hii habari ina walakini," akasema. "Watu wa huku wanasema aliyekufa ni fundi wa makochi. Alikuwa ameinama nyuma ya kochi anapiga pini. Akasikia vishindo, akasimama na mashine ya pini mkononi. Mwizi mwenyewe karuka ukuta, kaenda zake."

"Umeona bunduki yoyote?"

"Nimeona mashine ya pini. Iko hapa chini bado, hawajaiokota."

Akamwambia atume aya moja ya maneno ya majirani. Kiatu akaituma papo hapo, na ilikuwa aya iliyonyooka, yenye majina ya mashahidi watatu waliokubali kutajwa.

Baadaye watu wengi waliamini kwamba yaliyofuata yalitoka juu, kwamba kuna mkubwa aliyepiga simu. Haikuwa hivyo. Mhariri mkuu alikuwa kikaoni na simu yake ameizima. Chumba kizima kilikuwa na shughuli zake. Hakuna aliyemwambia Mama Vichwa fanya hiki, acha kile.

Kichwa kilitaka herufi kumi na tisa, ukihesabu na nafasi baina ya maneno. Neno "anayedhaniwa" peke yake lina herufi kumi na mbili. Akalitupa, kama alivyokuwa amelitupa mara mia kabla ya siku hiyo. Akaandika JAMBAZI AUAWA. Kumi na tatu. Likabaki pengo jeupe upande wa kulia, linamkera macho. Akatafuta cha kuliziba, na neno likaja lenyewe, halikusumbua: sugu. JAMBAZI SUGU AUAWA. Kumi na nane. Imepungua moja. Akaongeza L. JAMBAZI SUGU LAUAWA, na mstari ukakaa sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo. Lile "la" lilimpendeza hata sikioni. Lilimpa yule mtu wa chini ya shuka umbo la kitu kikubwa cha kutisha.

Ikabaki aya ya Kiatu kule mwisho. Akaisoma tena. Kichwa kinasema hivi, aya inasema vile. Msomaji atachanganyikiwa, akajiambia, na kesho nitaitafutia mahali pake. Akaifuta. Saa kumi na moja kasoro dakika nane ukurasa ukaenda mtamboni, naye akavaa sweta lake akaenda nyumbani.

Asubuhi gazeti liliisha mapema kuliko kawaida. Kiatu alikuja akasimama mbele ya meza yake na nakala mkononi, akamuuliza maneno ya majirani yamekwenda wapi. Akamjibu kwamba nafasi ilikuwa finyu. Kiatu akaitazama ile picha, ambayo ingeweza kupunguzwa vidole viwili na mtu asijue, kisha akageuka akaondoka. Na hiyo kesho iliyoahidiwa nayo ikapita, maana treni ilianguka na ukurasa ukajaa treni.

Alhamisi, kabla ya saa sita mchana, mapokezi wakapiga simu juu. Kulikuwa na mwalimu mstaafu aliyetaka kuonana na aliyeandika kichwa cha Jumatano. Mhariri mkuu akamwambia Mama Vichwa ashuke yeye, kwa kuwa ana lugha nzuri na wazee.

Chumba cha wageni kilikuwa na viti vinne vya plastiki na mtungi wa maji usio na maji. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti cha karibu na mlango, mama mwembamba wa miaka kama sabini, sketi imepigwa pasi hadi ina ncha, mkoba mapajani. Mama Vichwa akamwamkia, akaitikiwa vizuri.

"Nimefundisha lugha miaka thelathini na sita," Mwalimu akasema. "Huyu aliyefunikwa shuka ni mwanangu. Sikuja kugombana. Nina maswali mawili ya kumuuliza mwandishi."

Akalikunjua gazeti juu ya mkoba. Alikuwa amelisahihisha kwa wino mwekundu kama daftari la mwanafunzi: duara kwenye SUGU, mistari miwili chini ya LA.

"La kwanza. Sugu ni mtu aliyerudia hata akazoea. Mwanangu hajawahi kulala rumande usiku mmoja. Huyu mwandishi alimhesabia makosa mangapi?"

Mama Vichwa akasema habari ile ilitoka polisi.

"Ya polisi nimeisoma, jirani alinionyesha kwenye simu. Neno hilo halimo." Akahamisha kidole hadi kwenye LA. "La pili. Mtoto wa darasa la pili anajua kwamba chenye uhai ni a-. Mbwa amekufa. Kuku amekufa. Mwanangu mimi lauawa, kama debe lililotobolewa. Nilitaka kujua aliyeandika alisomeshwa na nani, maana huenda ni mwanafunzi wangu."

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililokuwa gumu kuvumilia. Mama Vichwa alihisi uso unapata moto hadi nyuma ya masikio. Mwalimu akamwangalia usoni, muda mrefu, kisha akauliza taratibu, "Ni wewe, mwanangu?"

"Hapana, mama. Vichwa huandikwa na dawati. Ni kazi ya wengi."

Maneno yalitoka laini, yamenyooka, kana kwamba yalikuwa yamepangwa tayari. Mwalimu akaitikia kwa kichwa kama alivyokuwa akiwaitikia watoto wanaosema wamesahau daftari nyumbani. Akaeleza kilichomleta hasa. Mazishi yalikuwa Jumamosi, ila vijana waliokubali kuchimba kaburi walikuwa wamepata udhuru mmoja baada ya mwingine, na mwenye viti vya kukodi alisema ghafla viti vimekwisha. Mjukuu wake hakwenda shule tangu Jumatano kwa yale anayoitwa. Aliomba kitu kimoja tu, gazeti liseme kabla ya Jumamosi kwamba mwanawe alikuwa fundi wa makochi. Mama Vichwa akaahidi kufikisha ujumbe, akamsindikiza hadi mlangoni, akamfungulia.

Lifti ilikuwa mbovu. Akapanda ngazi kwa miguu, na kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili akagundua kwamba vidole vyake vinahesabu juu ya reli bila ya kutumwa. FUNDI MAKOCHI AUAWA. Akahesabu tena, safari hii kwa kutaja kila herufi. Kumi na tisa. Kichwa cha kweli kingekaa palepale, ukingo hadi ukingo, bila kubanwa wala kuongezewa. Akashika reli akasimama, na watu waliokuwa wakishuka wakampita wakidhani anapumzika.

Mhariri mkuu alisema marekebisho yoyote lazima yapite kwa mwanasheria, na mwanasheria yuko safarini hadi Jumatatu. Hapo angeweza kusema kwamba suala si la mwanasheria, kwamba neno lile alilitia yeye kwa mkono wake. Hakusema. Alirudi mezani akazipa vichwa habari za treni.

Jumamosi fundi akazikwa na watu kumi na mmoja. Hesabu hiyo aliipata kwa Kiatu, ambaye Jumatatu alikuja kazini na malengelenge viganjani. Hakuenda kule kama mwandishi. Alipofika alikuta kaburi limefika magotini na wachimbaji ni wawili, akavua koti. Marekebisho yalitoka Jumanne ukurasa wa kumi na nne, mistari minne chini ya tangazo la matairi.

Wiki ya tatu mambo yakageuka. Mwenye duka la mbao lililotazamana na mabanda alikuwa na kamera mlangoni, na alipoondokewa na woga akaipeleka picha televisheni. Nchi nzima ikaona. Fundi anainuka nyuma ya kochi, mkono mmoja juu, mwingine na mashine yake, na kabla hajanyooka vizuri anaanguka. Hakuna anayejibizana na mtu. Kuanzia siku hiyo gazeti lilishika bendera ya haki kana kwamba halijawahi kuishusha. Mhariri mkuu alitaka vichwa vya kutoa machozi, na Mama Vichwa akavitunga, maana ndiyo kazi aliyoijua. Wasomaji walipiga simu kusifu. Kule gereji mumewe alisoma kimoja mara mbili, sauti ikamkatika katikati. Aliporudi alimsimulia mkewe hivyo kwa fahari, na mkewe akaenda jikoni akafungua bomba, akaacha maji yatiririke bila kuosha kitu.

Baada ya miezi mitano hakimu akaanza kusikiliza ushahidi wa jinsi fundi alivyokufa, ili aamue kama kuna wa kushtakiwa. Kiatu ndiye aliyetumwa kuandika. Siku ya tatu alirudi ofisini mchana, akavuta kiti kwenye meza ya dirishani, jambo ambalo hakulifanya tangu ile Jumatano.

"Wakili wa askari leo kanyanyua gazeti letu," akasema. "Anasema polisi waliandika 'anayedhaniwa' tu, lakini gazeti likaandika 'sugu'. Kwa hiyo gazeti lilikuwa na vyanzo vyake, na vyanzo hivyo vilimjua marehemu. Hakimu kaipokea nakala iwe kielelezo."

Mama Vichwa akaiweka kalamu chini.

"Una vyanzo, dada?"

"Sina."

"Ndivyo nilivyofikiri," Kiatu akasema, akasimama, akakirudisha kiti kilipokuwa.

Alimwambia mumewe kesho yake asubuhi, wanaanika nguo nyuma ya nyumba. Alimweleza yote, hata habari ya Mwalimu na dawati. Mumewe alilishika shati moja likidondosha maji juu ya viatu vyake hadi mkewe akamaliza. Halafu akauliza jambo moja, "Sasa lile neno ulilitoa wapi?" Akamjibu kwamba hakulitoa mahali. Mumewe akalitundika shati, akalinyoosha mikono, akasema basi aende akawaambie hivyohivyo.

Mhariri mkuu alimwonya kwamba akienda ataenda peke yake, gazeti halimjui. Akaenda.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo kuliko alivyodhani, na feni ya darini ilikuwa ikipiga kelele kiasi kwamba hakimu alimwambia mara mbili apandishe sauti. Mwalimu alikaa benchi la mbele. Alipomwona Mama Vichwa akipanda kizimbani aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka sura aliiona wapi.

Wakili wa askari alimuuliza neno "sugu" alilipata kwa nani.

"Sikulipata kwa mtu. Nililiweka mimi."

"Kwa msingi gani?"

"Mstari ulikuwa mfupi."

Wakili akamtaka afafanue, na akafafanua, sauti juu kwa sababu ya feni: kwamba nafasi ilitaka herufi kumi na tisa, kwamba alikuwa na kumi na tatu, kwamba neno lile na nafasi yake ni tano, na ile moja iliyobaki akaijaza kwa L. Mtu akacheka benchi za nyuma. Halikuwa lile cheko la furaha, lilikuwa la mtu asiyeamini masikio yake, lakini likaambukiza, na kwa muda kidogo chumba kizima kilicheka, karani naye akiziba mdomo kwa faili. Mwalimu hakucheka. Hakimu aliponyamazisha watu akauliza yeye mwenyewe kama shahidi alikuwa na habari yoyote, siku hiyo, kwamba marehemu hakuwa jambazi.

"Nilikuwa nayo. Mwandishi wetu aliniletea maneno ya majirani. Nikayafuta."

"Nani alikuamuru?"

"Hakuna."

Alishuka kizimbani. Nje, kwenye ukumbi mrefu wenye mabenchi ukutani, alisubiri. Hakujua hasa anasubiri nini. Alikuwa amejiandalia maneno ya kuomba radhi na aliyarudiarudia. Mwalimu akatoka na mkoba wake, akaja moja kwa moja akasimama mbele yake.

"Siku ile nilikuuliza," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ukaniambia dawati."

"Ndiyo. Nilidanganya. Nimekuja..."

"Leo umesema kweli, na itasaidia, nakushukuru. Lakini siku ile nilikuwa sijamzika." Akaupandisha mkoba begani. "Ungesema siku ile, ningepata wachimbaji."

Akaenda zake ukumbini kwa mwendo wake wa kunyooka. Yale maneno ya radhi Mama Vichwa alibaki nayo mdomoni, na kwa jinsi alivyojijua, aliona hata aibu kwamba yalikuwa yamepangika vizuri.

Hakimu aliamua kwamba fundi aliuawa bila sababu ya kisheria, na askari aliyefyatua akafunguliwa mashtaka ambayo mpaka leo yanaahirishwa na kuahirishwa. Mama Vichwa hakufukuzwa. Alihamishiwa kurasa za matangazo ya vifo na mnada, kule chini kwenye chumba kisicho na dirisha, na hakulalamika.

Lakini gazeti la washindani lilikuwa limeandika habari zake asubuhi iliyofuata ushahidi, ukurasa wa mbele, na picha yake akitoka langoni, mkono usoni kwa sababu ya jua. MHARIRI AANGUA KILIO KIZIMBANI. Mumewe alilinunua akalificha chini ya kiti cha gari, mkewe akaliona alipokuwa akitafuta mwavuli. Akalisoma lote amekaa mlango wazi. Hakulia kizimbani. Hakudondosha hata chozi. Aliitafuta namba ya dawati lao, ambayo aliijua kwa kichwa, akaibonyeza hadi tarakimu ya mwisho, kisha akaona mwenyewe jinsi itakavyosikika, yeye kumpigia mtu kudai kwamba kaandikiwa uongo. Akaizima simu.

Jumapili mama mkwe alipiga kama kawaida. Alikuwa amesomewa.

"Mwanangu, nimesikia ulilia mbele za watu," akasema. "Moyo wangu ulikuwa mzito juu yako. Niliposikia umelia, ukapoa. Nikasema, huyu bado ni mtu wetu. Ulilia kweli?"

Mumewe alikuwa pale mezani anamenya chungwa, akaacha kumenya, akamtazama.

"Ndiyo, mama," Mama Vichwa akasema. "Nililia."

Mama mkwe akambariki, akaulizia watoto, akaulizia paa la banda la kuku kama limezibwa. Walizungumza hayo kwa muda mrefu, na mumewe hakulimaliza lile chungwa.